Chasisi ya Pikapu Kongwe na Namna ya Kuitia Nguvu

Katika mashamba yaliyotandaa baina ya Kitale na Endebess, na vilevile katika vijiji vya Bungoma vilivyo chini ya Mlima Elgon, kuanzia Kimilili hata Chwele, hakukosi boma moja au mawili yenye pikapu kongwe ya Land Rover iliyoegeshwa nyuma ya ghala la mahindi, matairi yake yamekwisha upepo, na kuku wamejifanyia kiota juu ya kiti cha dereva. Na katika miaka hii watu wa makamo, ambao walizikuta gari hizo mikononi mwa baba zao, au walisimuliwa habari za walowezi waliozitumia huku kabla ya Uhuru, wameingiwa na shauku ya kuzifufua. Shauku hiyo ni njema, wala mimi si miongoni mwa wanaoibeza. Lakini aghalabu naiona ikielekezwa kusikostahili, kwa maana fedha nyingi hutumika katika rangi, viti na vioo, na chasisi, ambayo kwa hakika ndiyo gari lenyewe, huachiwa fundi wa kuchomelea aibandike vyuma atakavyo kwa jioni moja, kisha ikafunikwa kwa rangi nyeusi ili macho yasione.

Makala haya yamekusudiwa kumpa mwenye gari maarifa ya kumwezesha kusimama karibu na fundi na kuuliza maswali ya haki. Neno langu kubwa ni hili: kuitia chasisi nguvu si kurundika chuma juu ya chuma, bali ni kuurudishia mzigo njia yake ya kupita kutoka kwenye sanduku la mizigo hata kwenye springi, bila kukwama mahali pamoja, na chuma kilichozidi mahali pasipostahili huvunja gari sawasawa na chuma kilichopungua.

Anayenunua au kurithi Land Rover huhadaika kwa sababu ya bodi yake. Gari hili lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, Uingereza ilikuwa katika uhaba wa chuma baada ya vita, na watengenezaji wakaliundia bodi ya aluminiamu, ambayo haishikwi na kutu jinsi chuma kinavyoshikwa. Basi hata leo gari la mwaka wa 1962 laweza kusimama mbele yako likiwa na milango safi isiyo tundu wala doa, ilhali chasisi ya chuma iliyo chini yake imelika kwa ndani hata haiaminiki tena. Chasisi hiyo si chuma kizima. Kila boriti yake ndefu ni sanduku lililoundwa kwa mabamba yenye unene wa milimita 2 hivi, yakaunganishwa kwenye pembe kwa kuchomelewa, na ule uwazi ulio ndani ndio ulioipa wepesi pamoja na nguvu, na ndio pia ulioipa maradhi. Maji na tope huingia. Matundu ya chini yaliyowekwa ili maji yatoke huzibwa na udongo mwekundu wa Trans Nzoia, nao ukikauka hugandamana kama tofali na kushika unyevu kwa miezi. Mvua za Kitale huanza takriban mwezi wa Machi au Aprili na kuendelea hata Oktoba, kwa hiyo boriti iliyojaa udongo hukaa majimaji zaidi ya nusu ya mwaka. Wazungu huko kwao hulaumu chumvi imwagwayo barabarani wakati wa theluji. Sisi hatuna balaa hiyo, isipokuwa gari liwe limepata kuishi Mombasa au Malindi, na likiwa la huko, lichunguzwe mara mbili.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kuosha, wala mtu asiguse mashine ya kuchomelea kabla ya hapo. Chasisi isukumwe maji ya nguvu ndani na nje, matundu yazibuliwe kwa waya mgumu, na maji yaachwe yatiririke mpaka yatoke meupe. Ikikauka ndipo ipimwe kwa nyundo ndogo na bisibisi. Nilipata kumtazama fundi mmoja mjini Bungoma akiipima boriti ya kulia ya gari lililoletwa kutoka upande wa Sirisia bila kuoshwa: aligonga kutoka mbele kwenda nyuma, shibiri baada ya shibiri, na chuma kikamjibu kwa mlio wa wazi mpaka alipokaribia tangi la petroli, hapo mlio ukafa, akabonyeza kwa bisibisi, ikaingia mpaka mpini, na alipoichomoa ukamwagika udongo mwekundu mkavu pamoja na magamba ya kutu, kiasi cha kujaza kofia. Mwenye gari alikuwa ameambiwa na aliyemuuzia ya kwamba chasisi ni nzima. Mahali pa kushuku zaidi ni chuma cha kukingama kilicho nyuma kabisa, ile mikono inayotoka kando ya boriti kuishika bodi, vishikio vya springi, na pale boriti inapopanda juu ili kuipisha ekseli ya nyuma. Kila palipo na dosari patiwe alama ya chaki, na pasiwe na haya ya kuzidisha alama, kwa maana chuma kinachoonekana kizima kando ya tundu huwa kimekwisha nusu ya unene wake, na kiraka kikishikizwa hapo hakina pa kushika.

Baada ya kuosha na kugonga hufuata kupima, na hatua hii ndiyo mafundi wengi huiruka. Gari lipandishwe juu ya vigingi vinne imara, chini pawe na sakafu tambarare ya saruji, na pima maji ihakikishe ya kwamba boriti zote mbili ziko sawa. Kisha mtu achukue timazi ile ile itumiwayo na waashi, aiteremshe kutoka kwenye tundu moja la asili la boriti ya kushoto na tundu lilo hilo la boriti ya kulia, mbele na nyuma, na kila mahali ncha ya timazi igusapo sakafuni patiwe alama. Halafu apime kwa uzi kutoka alama ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo viwili hivyo vikilingana, au vikihitilafiana kwa milimita chache tu, chasisi haikupinda. Vikihitilafiana kwa zaidi ya milimita 6 hivi, gari lilipata kugonga au kupinduka zamani, na kulichomelea katika hali hiyo ni kuuhifadhi upotovu wake milele, maana litakwenda upande kama lina kilema na litakula matairi hata mwenyewe achoke kuyanunua. Vipimo viandikwe katika daftari, kwa sababu vitarudiwa wakati kazi inaendelea.

Sasa nizungumze juu ya nyufa, maana kutu ni adui mmoja na ufa ni adui mwingine, na dawa zao hazilingani. Pikapu yenye mzigo ikisimama juu ya ekseli zake mbili, sehemu ya boriti iliyo baina ya ekseli hizo hukandamizwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini. Nayo sehemu inayotokeza nyuma ya ekseli, ambako watu wetu hupenda kurundika magunia, huvutwa juu na kukandamizwa chini. Katikati ya ubavu wa boriti, kwa kadiri, hapavutwi wala hapakandamizwi sana. Mtu akiielewa habari hii ndogo amepata nusu ya elimu yote ya chasisi, kwani kutokana nayo hutoka kanuni tatu ambazo hazina udhuru: tundu la bolti litobolewe ubavuni wala si juu au chini ya boriti, mstari wa kuchomelea usikatize uso wa juu wala wa chini kutoka ukingo hadi ukingo, na kiraka chochote kisiishie kwa ncha iliyosimama wima, kwa maana hapo ndipo ufa mpya utazaliwa.

Na ufa hautoki hewani. Barabara za mlimani za kwenda Kapsokwony, au zile za mashambani wakati wa kuvuna mahindi, huinyonganyonga chasisi gurudumu kwa gurudumu, na chuma kilichonyongwa mara elfu kwa elfu huchoka hata kama hakikupata kubebeshwa kupita kiasi. Juu ya hayo kuna desturi yetu ya kuongeza mabamba ya springi. Mwenye gari huona nyuma imeinama, naye badala ya kupunguza magunia huongeza mabamba mawili au matatu. Nyuma huinuka, naye hufurahi, asijue ya kwamba springi ngumu haimezi tena mshindo wa shimo bali huupeleka wote kwenye kishikio chake, na kutoka hapo kwenye boriti. Ukiona Land Rover ndefu, ile yenye inchi 109 baina ya ekseli, imepasuka karibu na kishikio cha mbele cha springi ya nyuma, hesabu kwanza mabamba ya springi kabla ya kumlaumu Mwingereza aliyeiunda.

Dawa ya ufa ni hii. Mwisho wa ufa utafutwe kwa makini, kwa kusafisha chuma mpaka king'are na kukipaka mafuta mepesi kisha kukifuta, kwa kuwa mafuta yaliyobaki ndani ya ufa yatauonyesha. Hapo kwenye mwisho, au kupita kidogo, patobolewe kwa keekee tundu la milimita 4 au 5, ili ufa usiwe na ncha ya kuendelea nayo. Kisha ufa ufunguliwe kwa grinda hata uwe na umbo la mfereji, uchomelewe mpaka moto upenye upande wa pili, na usawazishwe. Ndipo hufuata kiraka cha juu yake. Kiraka kikatwe kwa umbo la almasi, yaani refu lenye ncha mbili zilizochongoka mbele na nyuma, kibandikwe ubavuni mwa boriti, na unene wake uwe sawa na wa boriti au uzidi kidogo tu: kwa boriti ya milimita 2, bamba la milimita 2 au 3 latosha kabisa. Fundi atakayekuletea bamba la milimita 6 akisema kwamba hilo halitavunjika amesema kweli, kwa maana halitavunjika lenyewe; litakalovunjika ni boriti nyembamba iliyo kando yake, kwa kuwa mahali palipokuwa pakipinda kidogo kidogo kwa urefu wa shibiri tatu sasa hupinda pote kwenye mstari mmoja wa kuchomelea. Nimeona chasisi zilizotiwa viraka vizito namna hiyo, na kila moja ilikuwa na kiraka cha pili kilichowekwa kuponya jeraha la kiraka cha kwanza.

Ikiwa kutu imekula kipande kizima, kikatwe mpaka chuma kizima kionekane, na kipande kipya kitiwe kwa vipimo vya cha zamani. Lakini boriti zote mbili zisikatwe kwa wakati mmoja, na kabla ya kukata, vyuma vya muda vichomelewe kuishika chasisi pande zote ili isijongee. Kuchomelea kwenyewe kufanywe kwa vipande vifupi vya sentimita 3 au 4, huku na huku, mbele kisha nyuma, kushoto kisha kulia, na kila kipande kipewe nafasi ya kupoa, maana joto lililokusanyika upande mmoja huivuta boriti kama mkono wa mtu mwenye nguvu. Na daftari la vipimo lirudiwe kila nusu ya siku.

Mintarafu ya chuma cha kutumia, nina hadhari mbili. Katika mabanda ya jua kali, ya Kitale na ya Bungoma, haiwi taabu kupata springi kuukuu za lori, nazo huonekana kuwa chuma cha thamani, ngumu na za bure. Mafundi huzikata na kuzifanya vishikio na pembe za kuimarishia. Chuma hicho kina kaboni nyingi, na kikichomelewa na kupoa kwa ghafla huwa kigumu na chepesi kuvunjika kando ya mshono, kwa hiyo kisitumike katika chasisi hata kidogo. Nondo za ujenzi ni vivyo hivyo. Nunua bamba jipya la chuma laini dukani, ujue unene wake, na ulipe bei yake. Hadhari ya pili ni juu ya mabomba ya maji na mabati yaliyopakwa zinki: moshi wake ukiingia kifuani humpa mchomeleaji homa ya jioni, tena zinki huuharibu mshono, basi ikiwa hapana budi, iondolewe kwanza kwa msasa au grinda.

Katika rodi za kuchomelea, ile ya kawaida yenye alama 6013, ya milimita 2.5, yafaa kwa bamba jembamba kama hili. Wapo wanaosifu 7018 kwa uthabiti wake, na sifa hiyo ni haki yake, ila rodi hiyo hudai kuwa kavu kabisa, na pakiti iliyokaa wazi msimu mzima wa mvua katika banda la Kitale imekwisha kunywa maji. 6013 kavu ni bora kuliko 7018 yenye unyevu. Umeme wa mabanda mengi huwa hafifu wakati mashine zote zinapofanya kazi, na moto ukilegea, chuma hurundikana juu bila kupenya. Kwa hiyo kabla hujampa fundi chasisi yako, mpe vipande viwili vya bamba la unene ule ule, avichomelee kwa mashine ile ile na rodi zile zile, kisha avibane katika jiliwa na kuvipinda kwa nyundo mpaka vivunjike. Chuma kikipinda na kupasuka nje ya mshono, mkabidhi kazi. Mshono ukifunguka katikati, ukaona ndani yake rangi ya kijivu na takataka zisizoyeyuka, mshukuru kwa adabu, umlipe rodi zake, na uende banda la jirani. Fundi mahiri hataona jaribio hili kuwa ni matusi.

Yako mambo machache ya usalama ambayo nisingeyataja kama yasingekuwa yakisahauliwa. Tangi la petroli liondolewe lote, si kufungwa kitambaa. Waya za betri zifunguliwe. Katika Land Rover za zamani waya za taa za nyuma hupita ndani ya boriti yenyewe, macho hayazioni, na mtu akichomelea juu yake huziunguza zote. Zivutwe nje kwanza, zikiwa zimefungwa kamba ya kuzirudishia. Na kile chuma cha kukingama cha mbele kinachobeba kiungo cha usukani kisifunguliwe ovyo, maana ndani ya kiungo hicho mna springi iliyobanwa kwa nguvu, yenye uwezo wa kumtoa mtu jicho.

Mwenye pikapu ya aina nyingine asiyachukue haya yote kwa ukamilifu. Peugeot 404 na 504, ambazo ziliheshimika sana katika nchi hii hata zikashinda mbio za Safari kwa nyakati mbalimbali, hazina boriti ndefu kutoka mbele hadi nyuma; nusu yao ya mbele sakafu na bodi ndizo fremu, kwa hiyo kutu ya sakafuni, ambayo kwa Land Rover ni aibu tu, kwa Peugeot ni hatari. Nazo pikapu za Kimarekani za kale huwa na boriti zilizo wazi upande mmoja, zimeshikwa kwa ribiti. Ribiti iliyolegea isichomelewe. Itolewe kwa tindo, tundu lisawazishwe, na bolti ngumu inayoingia kwa kubana itiwe mahali pake. Wapo wanaoziba upande ulio wazi kwa bamba ili boriti iwe sanduku, na kweli hupata nguvu kubwa sana dhidi ya kunyongwa. Lakini wazibe kwa kiasi, karibu na injini na usukani, na waache matundu ya kutolea maji, wasije wakaunda gereza jipya la tope.

Kazi ya moto ikiisha, mishono isafishwe, rangi ya kuzuia kutu ipakwe nje, na ndani ya boriti papulizwe mafuta mazito, hata oili chafu ya injini, ijapokuwa dawa maalumu ya nta ni safi zaidi. Pale aluminiamu ya bodi inapokutana na chuma cha chasisi iwekwe mpira, kwa kuwa madini hayo mawili yakiguswa na maji hulana. Na nambari ya chasisi, ambayo kwenye Land Rover nyingi hupigwa mbele upande wa kulia, isiguswe na grinda. Ipigwe picha kabla ya kazi, kwa maana nambari iliyofutwa itakuletea maswali ya polisi na ya mamlaka ya usajili wa magari (NTSA) ambayo hakuna fundi atakayekusaidia kuyajibu. Ukibadilisha chasisi nzima, andikisha badiliko hilo ipasavyo.

Baada ya kilomita 500 za kwanza katika barabara ya vumbi, ingia tena chini ya gari na taa mkononi, ukaze kila nati, uangalie kila mshono na ncha za kila kiraka. Kisha ukae na hesabu ya mzigo. Pikapu ya inchi 109 iliundwa kubeba karibu kilo 900, ambazo ni magunia kumi ya mahindi ya kilo 90, yakipangwa mbele ya ekseli ya nyuma na si juu ya mlango wa nyuma. Mwenye magunia ishirini na akodi lori.